Kabla ya kununua kilebu, mwone mama yake kwanza

MTOTO wa mbwa hununuliwa kwa macho, lakini hulelewa kwa mfuko na subira kwa muda wa miaka kumi au zaidi. Hapo ndipo familia nyingi za mijini hupotea njia.

Mzazi aliyekwama kwenye foleni ya magari jijini Nairobi humwona kijana aliyebeba vilebu wawili weupe kifuani. Watoto walioketi kiti cha nyuma huanza kulia wanunuliwe, na kabla magari hayajasonga biashara huwa imekamilika. Hakuna stakabadhi, hakuna kadi ya chanjo, wala hakuna ajuaye kilebu huyo alizaliwa wapi.

Kinachofuata kimezoeleka na madaktari wa mifugo. Siku ya tatu kilebu hakubali chakula. Siku ya nne anatapika na kuhara damu. Wiki haiishi kabla ya watoto wale wale kuuliza mbwa wao alikokwenda, na nambari ya simu aliyoiacha muuzaji haipatikani tena.

Hali hii imewafanya wengi kuamini kwamba dawa ni kwenda kwa mfugaji anayezalisha mbwa wa nasaba inayojulikana. Kwa kiasi kikubwa wanasema kweli. Lakini neno 'mfugaji' halimfanyi mtu kuwa mwaminifu. Yupo anayewajua mbwa wake kwa majina na tabia tangu kizazi cha nne, na yupo aliyefungia majike sita kwenye vibanda vya mabati nyuma ya nyumba ili wazae mfululizo kama mashine. Wote wawili hutoza makumi ya maelfu ya shilingi, na wote wawili hutuma picha nzuri. Mnunuzi asiyejua la kuuliza huuziwa mbuzi kwenye gunia, hata kama gunia lenyewe lina nembo ya kupendeza.

Swali la kwanza halihusu kilebu hata kidogo. Linahusu mama yake.

Mfugaji wa kweli humpeleka mnunuzi mahali vilebu walipozaliwa na kumwonyesha jike akiwa pamoja nao. Macho yatazame iwapo jike huyo ana chuchu zilizovimba kwa kunyonyesha, iwapo vilebu humkimbilia, na iwapo yeye huwajali. Jike aliyeazimwa kwa jirani ili kumridhisha mgeni hujulikana upesi: huwakwepa vilebu, nao humnusa kama mgeni mwingine yeyote.

Tabia ya jike huyo nayo ni ushahidi. Ni kawaida kwa mama kuwa na wasiwasi mgeni anapokaribia wanawe. Lakini akijificha kwenye kona akitetemeka, au akiwa mkali kiasi kwamba mwenyewe hawezi kumshika, mnunuzi ajue kwamba woga na ukali wa namna hiyo hurithiwa kwa sehemu, na pia vilebu hujifunza kwa kumwiga mama.

Dume si lazima awepo. Wafugaji wazuri mara nyingi humpeleka jike kwa dume wa mbali ili kuepuka kuchanganya damu ya ndugu, kwa hivyo kukosekana kwake si kosa. Linalotakiwa ni stakabadhi zake na jina la mwenyewe.

Nchini Uingereza jambo hili limefanywa kuwa sheria. Tangu Aprili 6, 2020, wachuuzi wa kati hawaruhusiwi kuuza vilebu walio chini ya miezi sita katika England. Mnunuzi sharti amfikie mfugaji mwenyewe na kumwona kilebu akiwa na mama yake. Sheria hiyo hujulikana kwa jina la Lucy, jike aina ya Cavalier King Charles Spaniel aliyeokolewa mwaka 2013 kutoka shamba moja la Wales, akiwa amechakazwa kwa kuzalishwa bila kupumzishwa. Kenya haina sheria kama hiyo. Iliyopo ni Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama (Sura ya 360), ambayo humwadhibu anayewatesa wanyama lakini haimlazimishi muuzaji kumwonyesha mnunuzi chochote. Kwa maneno mengine, mkaguzi wa pekee anayefika kwenye kibanda cha mfugaji ni mteja.

Umri wa vilebu ni suala la pili. Wauzaji wengi huwatoa wakiwa na wiki nne au tano, kwa kuwa wakati huo huvutia mno na bado hawali chakula kingi. Huo ni mapema mno. Kilebu anapaswa kukaa na mama na ndugu zake hadi atimize angalau wiki nane. Katika majuma hayo hujifunza, miongoni mwa mengine, kutouma kwa nguvu: akimuuma ndugu yake kupita kiasi, mchezo hukatika. Anayetolewa mapema hulikosa somo hilo, na mikono ya watoto wa mnunuzi ndiyo huja kulipia.

Watafiti wa Marekani John Paul Scott na John Fuller, ambao kitabu chao kuhusu tabia za mbwa kilichapishwa mwaka 1965, walionyesha kwamba kipindi cha kati ya wiki ya tatu na ya 12 hivi ndicho kilebu anapozoea viumbe na mambo atakayoyaona kuwa ya kawaida maishani. Aliyekua wakati huo akisikia sauti za watu, vyombo vya jikoni na watoto wakicheza, hutulia ukubwani. Aliyefungiwa gizani huogopa kila kitu.

Hapa inafaa kuondoa dhana moja iliyokita mizizi nchini. Wakenya wengi hununua mbwa ili alinde boma, na huamini kwamba kilebu akifungiwa mchana kutwa pasipo kumwona mtu, au akilishwa pilipili, atakuwa mkali. Pilipili humuumiza tumbo tu. Kufungiwa nako humfanya mwoga, na mbwa mwoga huuma ovyo: humwacha mwizi aliyemtishia kwa rungu akamrukia mtoto wa jirani aliyefuata mpira. Kwa hiyo mfugaji anayejigamba kwamba vilebu wake 'hawajawahi kuguswa na mtu' anatangaza dosari akidhani ni sifa.

Chanjo ndiko kwenye udanganyifu mkubwa zaidi, na pia ndiko kwenye kutoelewana hata pale ambapo hakuna aliyedanganya.

Ugonjwa unaoua vilebu wengi ndani ya siku chache ni ule wa virusi vya parvo. Virusi hivyo vilitambuliwa mwaka 1978 na katika muda wa miaka miwili hivi vilikuwa vimeenea kote duniani. Hushambulia utumbo na chembe zinazokinga mwili, na huchukua takriban siku tatu hadi saba, wakati mwingine hadi wiki mbili, kabla ya dalili kuonekana. Ndiyo maana kilebu huuzwa akirukaruka na kufa akiwa mikononi mwa mnunuzi. Si lazima muuzaji awe alijua.

Jike aliyechanjwa huwapa wanawe kinga kupitia maziwa ya mwanzo. Kinga hiyo hupungua polepole, kwa wengine ikiisha wiki ya sita, kwa wengine wiki ya 14 au hata 16. Tatizo ni kwamba maadamu kinga ya mama ingalimo mwilini, huizima chanjo. Sindano hudungwa na isifanye kazi. Kwa kuwa hakuna ajuaye kwa kutazama ni siku gani kinga ya kilebu fulani imekwisha, daktari huanza chanjo kati ya wiki ya sita na ya nane kisha huirudia kila baada ya wiki mbili hadi nne, mpaka kilebu apite wiki ya 16.

Kutokana na hayo, muuzaji anayesema 'huyu amechanjwa' huenda anasema kweli tupu, na kilebu akawa bado hana kinga. Mwenye wiki nane huwa amepata sindano moja tu, pengine mbili. Mnunuzi ndiye atakayezikamilisha zilizobaki, na hadi zikamilike, kilebu asitembezwe barabarani wala asichanganywe na mbwa wasiojulikana.

Kadi ya chanjo isomwe kama hundi ya benki. Iwe na kibandiko kilichotolewa kwenye chupa ya chanjo, chenye jina na nambari ya kundi la dawa, tarehe, sahihi na nambari ya usajili ya daktari. Madaktari wa mifugo na wasaidizi wao husajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo nchini chini ya sheria ya mwaka 2011, na si vigumu kuthibitisha iwapo jina lililoandikwa limo kwenye orodha. Kadi iliyojazwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja siku ile ile ya mauzo, tarehe zote tatu, haina thamani.

Chanjo hiyo ya kwanza kwa kawaida hukinga pia distempa, ugonjwa wa mapafu, tumbo na ubongo ambao haukomei kwa mbwa. Mwaka 1994 distempa iliyotoka kwa mbwa wa kufugwa iliwaua takriban thuluthi moja ya simba wa Serengeti na kufika hadi Maasai Mara. Mbwa asiyechanjwa si shida ya mwenyewe peke yake.

Kisha kuna kichaa cha mbwa. Kisa cha kwanza cha ugonjwa huu nchini kilinakiliwa mwaka 1912, karibu na Nairobi. Zaidi ya karne moja baadaye, makadirio ya serikali ni kwamba Wakenya wapatao 2,000 hufariki kutokana nao kila mwaka, na karibu wote huupata kwa kuumwa na mbwa. Mkakati wa kitaifa uliozinduliwa mwaka 2014 umelenga kukomesha vifo hivyo ifikapo mwaka 2030, hasa kwa kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa.

Chanjo ya kichaa kwa kawaida hutolewa kilebu akiwa na miezi mitatu. Hivyo, anayeuza kilebu wa wiki sita akidai kwamba tayari 'amemaliza' chanjo ya kichaa anastahili kuulizwa maswali zaidi. Na kwa kuwa kilebu wa wiki nane bado hajaipata, stakabadhi ya kuangaliwa ni ya mama yake: je, alichanjwa mwaka huo? Je, boma lina ua, au mbwa wa mitaani huingia usiku?

Jambo hili husahaulika kwa sababu meno ya kilebu ni madogo na watu huyaona kama mchezo. Virusi havijali ukubwa wa jino. Mtoto akiumwa au kuparuzwa na kilebu asiyejulikana alikotoka, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtoto apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo kupata chanjo. Dalili zikishajitokeza, kupona ni muujiza.

Minyoo ni hatari ndogo lakini ya hakika. Vilebu wengi huzaliwa nayo, maana hupita kutoka kwa mama wakiwa tumboni na baadaye katika maziwa. Hupaswa kupewa dawa kuanzia wiki ya pili na kurudiwa kila baada ya wiki mbili. Mayai ya minyoo hiyo yakimezwa na watoto wanaochezea udongo, mabuu yake huweza kuzunguka mwilini na hata kuharibu jicho. Tumbo la kilebu lililovimba kama ngoma huku mbavu zikionekana si dalili ya shibe.

Kuhusu nasaba, watu hulipia karatasi bila kujua karatasi inasema nini. Mbwa wa nasaba katika eneo hili husajiliwa na chama cha East Africa Kennel Club chenye makao yake Nairobi, ambacho pia huandaa maonyesho ya mbwa. Cheti chake huonyesha wazazi, mababu na mabibi wa kilebu. Hakisemi kwamba kilebu ni mzima. Hata hivyo, anayejua kukisoma hupata mengi: jina lile lile likijitokeza mara mbili au tatu upande wa baba na wa mama, ndugu wameoanishwa, na maradhi ya kurithi hujificha katika uhusiano kama huo. Ahadi ya kwamba 'cheti kitafuata wiki ijayo' isilipiwe bei ya cheti. Kilebu akiwa amewekewa mikrochipu chini ya ngozi, nambari yake yenye tarakimu 15 ilingane na iliyo kwenye stakabadhi.

Kila aina ya mbwa ina udhaifu wake, na mfugaji muungwana huutaja kabla hajaulizwa. German Shepherd, ambaye Wakenya humpenda kwa ulinzi, husumbuliwa na nyonga zisizokaa sawasawa kwenye tundu lake. Rottweiler na Boerboel nao hukumbwa na tatizo hilo. Kilebu huonekana mzima. Mbwa wa miaka mitatu hushindwa kusimama asubuhi. Kinga ya pekee ni kuwapiga wazazi eksirei kabla ya kuwapandisha. Katika mpango wa Uingereza kila nyonga hupewa alama kuanzia sufuri hadi 53, jumla ikiwa 106, na alama zikiwa chache ndivyo bora; upimaji haufanywi kabla ya mbwa kutimiza mwaka mmoja. Basi jike aliyezaa akiwa na miezi 11 hakupimwa, hata mwenyewe akiapa.

Mbwa wadogo kama Chihuahua huweza kuwa na pia ya goti inayoteleza. Pug na Bulldog, wenye nyuso bapa, hupumua kwa taabu, na joto la Mombasa au Kisumu huwaelemea. Kukoroma kwao, ambako wengi huona ni kichekesho, ni sauti ya mnyama anayetafuta hewa. Japanese Spitz mweupe amekuwa mtindo Nairobi, na kwa sababu hiyo vilebu chotara wengi huuzwa kwa jina lake. Chotara si mbwa mbaya. Ubaya ni bei ya uongo.

Jike hupata joto takriban mara mbili kwa mwaka na hubeba mimba kwa siku 63 hivi. Mwenye tamaa anaweza kumzalisha kila mara. Mnunuzi aulize huu ni uzao wa ngapi, na uliotangulia ulikuwa lini. Aulize pia iwapo parvo imewahi kuua vilebu katika boma hilo, kwa maana virusi hivyo huweza kuishi udongoni kwa miezi mingi, hata mwaka. Swali hilo linamhusu mnunuzi mwenyewe vilevile: aliyempoteza kilebu kwa parvo asilete mwingine mdogo kwenye ua ule ule kabla ya kuomba ushauri wa daktari. Sakafu ya saruji husafishika kwa dawa ya klorini ya kufulia, sehemu moja kwa 30 za maji, udongo hausafishiki.

Dalili nzuri kuliko zote, pengine, ni mfugaji kumhoji mnunuzi. Una ua? Nani hushinda nyumbani? Unaishi ghorofani? Ukisafiri kwenda mashambani Desemba, mbwa atabaki na nani? Wengi hukerwa na maswali haya, wakiona kwamba mwenye pesa hahojiwi. Lakini asiyejali kilebu wake aendako hakujali pia alikotoka.

Malipo yasitangulie kumwona mnyama. Ulaghai wa siku hizi ni wa picha: kilebu wa kuvutia, bei nafuu, kisha ombi la amana kupitia M-Pesa kwa sababu 'wateja wengine watatu wanamsubiri'. Pesa zikishatumwa, muuzaji huzima simu. Makubaliano yaandikwe, hata kwenye ukurasa mmoja: umri, aina, chanjo zilizotolewa, bei, na kwamba daktari wa mnunuzi akigundua maradhi ndani ya saa 48 au 72 kilebu atarudishwa na pesa kurejeshwa. Mbwa huhesabiwa kuwa mali, na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa (Sura ya 31) humlinda mnunuzi dhidi ya bidhaa isiyolingana na maelezo yake. Ila mahakamani neno la mdomo ni gumu kulithibitisha.

Asiyehitaji nasaba ana njia nyingine. Shirika la KSPCA, lililoanzishwa mwaka 1910, huwatoa kwa familia mbwa waliookolewa, wakiwa wamechanjwa na kufungwa kizazi. Wengi wao ni mbwa wa kienyeji, ambao kwa kuuona wizi usiku hawamwachii Mjerumani, na nyonga zao hazijaharibiwa na mtindo wa mtu yeyote.

Aliyeridhika na mfugaji, mama na stakabadhi amwombe mwenyewe kipande cha blanketi walicholalia vilebu. Harufu yake hutuliza kilio cha usiku wa kwanza na wa pili. Chakula kisibadilishwe ghafla kwa wiki moja, na safari ya kwanza kutoka nyumbani iwe ya kwa daktari, kilebu akiwa amebebwa, bila kushushwa chini langoni mwa zahanati ambako mbwa wagonjwa hupita.